Idhini ya Karima wa Ghanim

Mahfoudha binti Ghanim alidhulumiwa sauti yake, na dhulma hiyo haikufanywa gizani wala kwa nguvu. Ilifanywa mchana kweupe, kwa chai na biskuti, katika baraza ya nyumba yao Unguja, mwezi wa Agosti 1962, na wote waliokuwapo walidhani wanatendeana wema.

Kampuni ya sinema kutoka London ilikuwa imekuja kupiga filamu. Mwigizaji wao mkuu, Muriel Stanbrook, alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na katika miaka kumi ya kazi hakuwahi kupewa sehemu ila ya mjakazi anayeleta barua au muuguzi anayefunga mlango. Safari hii alipewa sehemu ya bibi wa Kiarabu wa Unguja, mjane mwenye shamba, anayesema Kiingereza na wageni na Kiswahili na watu wake. Uso wake uliikubali rangi aliyopakwa. Ulimi ulikataa. Kila alipofungua kinywa kusema Kiswahili, vijana waliobeba taa waligeuka nyuma ili wasionekane wakicheka.

Ndipo alipotafutwa Mahfoudha. Alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, mjane wa miaka thelathini na minne asiye na mtoto, na sauti yake iliwahi kusikika mara kadhaa katika michezo ya redio. Kwa wiki sita alikaa na yule Mwingereza akimfunza wapi avute pumzi na wapi aikate. Kisha, katika chumba kilichoegeshwa magodoro kuta zote nne, aliyasema yeye mwenyewe maneno yote ya bibi yule: amri zake, kicheko chake, kilio chake, na dua anayoiomba kabla ya kukata roho. Kinywa kilikuwa cha Muriel. Sauti ilikuwa ya Mahfoudha.

Siku ya kufunga kazi, karani wa kampuni alikuja na karatasi zake kuuliza jina gani liandikwe mwisho wa filamu. Hakumwuliza Mahfoudha. Alimwuliza kaka yake, Amur, kwa kuwa Amur ndiye aliyekaa barazani.

"Kwetu sisi," Amur alimjibu kwa upole, "jina la mwanamke haliandikwi ukutani, watu wakalisoma na njugu mkononi."

"Basi tuandike nini?"

"Kwenye filamu, msiandike kitu. Kwenye makaratasi yenu wekeni 'dada wa Bwana Amur'. Yatosha."

Mahfoudha alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia, akanyamaza. Alilelewa kuamini kwamba jina linalofichwa ni jina lenye thamani, na hakuna aliyemwambia kwamba vitu vya thamani vikifichwa sana huhesabiwa kuwa havipo.

Filamu ilioneshwa London mwaka uliofuata. Muriel Stanbrook alipewa tuzo, na magazeti yaliandika kwamba kubwa kuliko yote ni ile sauti. Khabari hizo zilikuwa bado ziko njiani kuja Unguja yalipotokea ya Januari 1964. Mwezi wa Julai meli iliwashusha Matrah, bandari ya Omani, watu waliokuwa na nyumba na sasa wana mabunda. Miongoni mwao walikuwa Amur, Mahfoudha, na dada yao mkubwa Masouda pamoja na mumewe Majid. Majid, aliyekuwa na jamaa katika soko la Matrah, alifungua duka la nguo na kubaki huko huko. Amur akapata kazi ya kumwandikia barua tajiri mmoja, akapanga vyumba viwili Maskati, ndani ya kuta za mji, na Mahfoudha akakaa naye.

Hati yake ya ualimu aliibeba kifuani, imefungwa kwa kanga. Ingefaa nini? Serikali ya Maskati mwaka huo haikuwa na skuli hata moja ya wasichana. Redio haikuwapo, sinema haikuwapo, na lango la mji lilifungwa saa tatu za usiku kana kwamba watu wazima ni kuku. Mwanamke aliyefundisha darasa la watoto arubaini kusoma mashairi kwa vituo sasa alikuwa na msikilizaji mmoja: mbuzi wa maziwa, mweusi, mkaidi, aliyekuwa akila kila kilichoanikwa uani. Kila asubuhi Mahfoudha alimgombeza mbuzi huyo kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti iliyofundishwa kufika ukuta wa nyuma wa darasa, na majirani walijua jua limechomoza.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bakhit, mzaliwa wa Pemba. Alifanya kazi Azaiba, katika kambi ya kampuni ya mafuta penye kiwanja cha ndege. Alikuwa mtunza stoo, na jioni za Jumatatu ndiye aliyewapigia Wazungu sinema kwenye shuka jeupe. Kila Alkhamisi mchana alirudi kwa mkewe, na Ijumaa jioni gari la kampuni lilimchukua tena.

Alkhamisi moja ya Mei 1967 alipiga hodi mlangoni kwa Amur akiwa bado na vumbi la njia.

"Bi Mahfoudha, Jumatatu ulikuwa wapi?"

"N'ende wapi, Bakhit? Nlikuwa hapa hapa, n'nateta na mbuzi."

"Wallahi ulikuwa Azaiba. Nimekusikia kwa masikio yangu haya."

"Jua limekupata, mwanangu. Nikupe maji?"

"Nipe, lakini n'sikilize kwanza. Imekuja filamu kuukuu, imekatika katika. Nnaiwasha, mara mzungu wa kike kavaa buibui, anamgombeza mtumishi wake. Nkasema, aka! Huyu si yule anayemgombeza mbuzi nyuma ya ukuta wangu? Sauti ile ile. Mkono ukaniteleza, mashine ikazimika, Wazungu wakanipigia makelele mpaka basi."

Mahfoudha akakaa juu ya kizingiti. Miaka mitano ilikuwa imepita, na filamu ile hajaiona hata siku moja.

"Ilikuwaje?" aliuliza. "Ile dua ya mwisho. Ilikuwaje?"

"Bibi, mpishi wetu ni Mgoa, hajui neno la Kiswahili. Alilia."

Kisha Mahfoudha akauliza lile aliloogopa kuliuliza. "Na majina? Mwishoni huandikwa majina."

Bakhit akatazama chini. "Yalipita mengi. Nliyafuata mstari kwa mstari, ndo maana nlichelewa kuwasha taa. Lako halimo."

"Wamo nani?"

"Wamo wote. Wa taa yumo. Aliyewapikia yumo. Hata yule mbwa wa mle ndani yumo, na jina lake, na jina la aliyemfunza."

"Mbwa yumo," alisema Mahfoudha.

"Yumo, bibi."

Alkhamisi iliyofuata Bakhit alimletea magazeti ya picha waliyokwisha kuyasoma Wazungu. Humo Mahfoudha aliiona kazi ya miaka minne ya Muriel Stanbrook ikiwa imetandazwa kama nguo za bi harusi: tuzo ya mwaka 1963, tamthilia mbili katika majumba makubwa ya London, filamu nyengine tatu, na sasa televisheni. Katika mazungumzo na mwandishi mmoja, Muriel alisema kwamba alikijua Kiswahili kwa wiki sita tu, "kwa kusikiliza". Hakusema alimsikiliza nani.

Mwanamke mwengine angelichana gazeti. Mahfoudha alichukua kalamu. Aliandika kwa Kiingereza cha kiwango, bila ya tusi hata moja, kurasa mbili. Alimkumbusha Muriel chumba cha magodoro, na namna walivyokunywa maji ya dafu katikati ya kilio ili koo lisikauke. Hakudai malipo. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba palipoandikwa jina la mbwa liandikwe na lake. Bakhit aliitia barua ile katika mfuko wa posta wa kambini, ikapanda ndege mwezi wa Juni.

Jawabu lilifika Oktoba. Na hapa ni haki kusema kwamba Muriel Stanbrook hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kubebwa, na mtu aliyezoea kubebwa hatazami chini kuona amekalia bega la nani. Aliandika kwamba barua ile ilimtoa machozi. Aliandika kwamba bibi wa Unguja anafufuliwa katika mchezo wa televisheni wa sehemu kumi na tatu, kuonesha maisha yake ya ujanani, na kwamba yeye hawezi, hawezi kabisa, kuucheza bila ya ile sauti. Mahfoudha aje London. Kampuni itampeleka na kumrudisha. "Na safari hii," aliandika, "jina lako litaonekana kila wiki, kamili, namna utakavyotaka mwenyewe lisomeke."

Masharti yalikuwa mawili. Afike kabla ya tarehe 15 Machi 1968, kwa kuwa chumba cha kurekodia kimekwisha kukodiwa. Na kwa kuwa karatasi za kampuni hazina jina lake bali zina "dada wa Bwana Amur" tu, aje na barua ya Bwana Amur kushuhudia kwamba dada huyo ndiye yeye.

Jioni ile Mahfoudha aliiweka barua mbele ya kaka yake, juu ya mkeka, baada ya kuondoa sinia. Amur aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na mitano, mpole, aliyekonda tangu meli ilipowashusha, na kama watu wengi wapole alikuwa na woga mwingi ambao yeye aliuita heshima.

"Mahfoudha, wataka kwenda Ulaya peke yako?"

"Nnataka kwenda kazini, kaka. Nlikuwa na kazi."

"Watu watasema."

"Watu gani? Hawa wanaotwita Wazinjibari hata baada ya kusali nao saffu moja? Kwani sasa hivi hawasemi?"

Amur akapapasa ndevu. "Nakumbuka yule karani," alisema hatimaye. "Na zile biskuti." Akachukua karatasi, akaandika ushahidi kwa Kiingereza pale pale: kwamba dada yake, Mahfoudha binti Ghanim, ndiye aliyesema maneno yale yote. Alipofika kwenye jina mkono ulisita. Mahfoudha alikuwa amesimama begani kwake. Akaliandika.

Ikabakia safari yenyewe. Wakati ule mtu wa Maskati hakutoka nchini ila kwa idhini ya mtawala, na mtawala alikuwa Salala, mbali kusini, haonekani. Aliyetoka bila ya idhini harudi. Aliyetoka kwa idhini hurudi kwa idhini ile ile, iwapo imeandikwa humo kwamba atarejea. Na mwanamke hapeleki ombi mwenyewe. Humpelekea walii wake, mwanamume anayemsimamia.

Amur aliliandika ombi Novemba, kwa Kiarabu, siku ya Ijumaa baada ya kuoga. Alichukua asubuhi nzima. Kiingereza kwake kilikuwa kama nguo ya kazi, mtu anaweza kukivaa akashika lolote. Lakini Kiarabu kilikuwa kanzu ya msikitini, na barua iendayo kwa mtawala ilikuwa mihrabu. Mahfoudha alikuwa jikoni akisonga ugali wa ngano. Alipotoka, bahasha ilikuwa imekwisha kubandikwa.

"Umeandika jina langu?"

"Nimeandika kama inavyoandikwa."

Hakumhoji zaidi, kwa kuwa ndugu hahojiwi akiwa ametia wudhuu. Laiti angelimhoji! Amur hakuandika Mahfoudha. Aliandika "karima wa marehemu Ghanim", kwa sababu hivyo ndivyo muungwana wa Kiomani aandikavyo: dada au binti hatajwi jina mbele ya wanaume wageni, bali huitwa karima, mtukufu, wa fulani. Ni neno zuri. Linaweza kumfunika mwanamke mzima asionekane hata ukucha.

Miezi mitatu ikafuata ya kungoja. Mahfoudha aliitunza sauti yake kama watu watunzavyo maji. Alikunywa tangawizi asubuhi na asali jioni. Alifuturu Ramadhani nzima bila ya pilipili. Aliacha kumgombeza mbuzi, na mbuzi, kwa kukosa kugombezwa, akala kanga mbili na nusu ya mkeka. Mchana, Amur akiwa kazini, alijifungia chumbani, akasimama mbele ya magodoro yaliyoviringishwa, akayasema tena maneno ya yule bibi, safari hii akimfanya msichana, na kwa mara ya kwanza tangu meli iwashushe alijisikia yu hai. Mke wa Bakhit, upande wa pili wa ukuta, aliacha kutwanga ili asikilize.

Mwisho wa Februari 1968 Amur aliitwa ofisini. Aliporudi alikuwa amekunja karatasi ndani ya karatasi nyengine. Alimpa bila ya kumtazama.

Kiarabu cha Mahfoudha kilikuwa cha chuo cha Kurani, kilimtosha. Mtawala amekubali. Karima wa Ghanim anaruhusiwa kusafiri London na kurejea, mara moja tu. Na chini, kwa mkono wa karani wa Maskati, palipotakiwa jina kwa ajili ya daftari, paliandikwa: Masouda binti Ghanim.

"Masouda?"

Amur alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Karani alipata idhini kutoka Salala, akahitaji jina la kujaza. Kumwuliza mwanamume jina la dada yake ni utovu wa adabu, na karani yule alikuwa mtu wa adabu sana. Basi akaulizia sokoni Matrah, kwa heshima, pembeni: Ghanim wa Unguja aliacha binti gani? Akaambiwa: mke wa Majid muuza nguo, Masouda. Akajaza.

"Na wewe ulipoona?"

"Nlimwambia siye. Akasema: 'Bwana Amur, wewe mwenyewe hukuandika.' N'seme nini?"

"Kwa nini hukuandika, kaka? Kwa Wazungu uliandika."

"Nlikuwa n'nakusitiri."

"Umenisitiri mpaka sipo."

Zilibaki siku kumi na nne. Kesho yake walipanda gari kupitia njia ya mlima ya Riyam mpaka Matrah, nyumbani kwa Masouda. Masouda alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyemlea Mahfoudha tangu mama yao alipofariki, na alipoelezwa alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mimi! London! Mimi hapo Riyam tu nnatapika. Majid, umesikia? Serikali yanipeleka Ulaya."

"Nimesikia," alisema Majid, bila ya kucheka.

"Basi, Mahfoudha mwanangu, ichukue hiyo karatasi uende nayo. Utajifunika, nani atakujua? Lichukue jina, mimi hata silitumii. Huyu miaka ishirini na mbili hajaniita Masouda, ananiita 'we nanihii'."

Mahfoudha alikuwa ameyapima hayo usiku kucha. Alijua kitakachotokea: huko London pasi itasema Masouda, mikataba itasema Masouda, na kila wiki litapita jina la Masouda. Miaka sita alililia jina. Lakini sauti nayo ina umri wake, na ya kwake ilikuwa inapita bure juu ya kichwa cha mbuzi.

"Nitakwenda," alisema. "Hata kwa jina la mtu. Shemegi, nnakuomba."

Majid aliiweka chini bilauri ya chai. Hakuwa mkatili, alikuwa mfanya biashara, na aliona mbali kuliko wote mle chumbani.

"Hebu n'sikilizeni. Siku atakapopanda ndege Masouda, katika daftari yao Masouda katoka. Sawa? Aliyetoka yuko nje mpaka aandikwe karudi. Sasa huyu aliyeko jikoni kwangu, anayenipikia, atakuwa nani? Jirani akinichongea, nitasema nimeweka mwanamke gani ndani? Akiugua, nimpeleke hospitali kwa jina gani? Akifa, Mungu apishe mbali, nizike nani?"

"Ni miezi mitatu tu, shemegi."

"Na huko London ikitokea ukachelewa? Idhini yasema mara moja tu. Ukikwama wewe, amekwama mke wangu nje naye kakaa hapa ndani. Sisi hapa wageni, shemegi. Twaishi kwa kutazamwa. Wallahi ningekuwa na jengine ningelikupa."

Masouda hakucheka tena. Amur alikuwa akitazama mlango. Na hapo ndipo uchungu ulipo, kwa kuwa Majid alikuwa amesema kweli tupu. Mahfoudha hakuwa na adui mle chumbani wa kupigana naye. Kila mmoja wao alimpenda. Kila mmoja, kwa adabu yake, alikuwa ameweka tofali lake, na ukuta ulikuwa umekamilika.

Amur aliandika ombi la pili siku ile ile, na safari hii aliliandika jina kwa wino mzito: Mahfoudha. Likaenda Salala. Mahfoudha alimwandikia Muriel kuomba muda, Bakhit akaikimbiza barua kwenye ndege.

Tarehe 15 Machi ilikuwa Ijumaa. Mahfoudha aliamka, akaoga, akavaa nguo aliyoishona kwa safari, akakaa. Amur aliporudi msikitini alimkuta hivyo, akatandika mkeka. Walikula wali kwa nyama ya Idd iliyobakia. Mchana Bakhit alipita kuaga kabla ya kurudi Azaiba, akasimama mlangoni.

"Leo ndiyo siku yenyewe, bibi?"

"Ndiyo."

"Labda watangoja. Mtu kama wewe, watampata wapi?"

Walimpata kwa wiki moja. Barua ya Muriel ya mwezi wa Aprili ilisema hivyo, kwa masikitiko na kwa karatasi nzuri. Msichana mwanafunzi kutoka Mombasa, anayesoma huko huko London, amesema maneno vizuri sana, "ingawa, mpenzi wangu, si wewe". Jina la msichana huyo litaonekana kila wiki. Muriel aliona Mahfoudha angefurahi kujua kwamba kampuni imekubali kanuni hiyo, na kwamba ni yeye, Mahfoudha, aliyeifungua njia. Mahfoudha aliisoma mara moja, akairudisha ndani ya bahasha, akamwomba Bakhit amshukuru aliyeileta.

Ombi la pili lilijibiwa Julai. Lilikuwa na mstari mmoja: "Idhini ya karima wa Ghanim imekwisha kutolewa."

Amur aliusoma mstari ule mara mbili. Akasema ataandika tena, ataandika mara kumi, ataandika jina hilo mpaka walichoke. Mahfoudha alimwambia aache, asije akaipoteza kazi yake kwa tajiri. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mtoto aingie ndani, mvua inanyesha. Ile idhini ya Masouda ilikaa katika sanduku la Majid mpaka muda wake ukapita, na Masouda, kila alipofungua sanduku kutafuta uzi, aliifunika kwa kitambaa.

Kutoka hapo hakuna mengi ya kusimulia, na kukosekana kwa mengi ndiyo khabari yenyewe. Mchezo ulioneshwa mwishoni mwa mwaka 1968. Bakhit alileta gazeti lenye picha ya Muriel ameshika tuzo ya pili, na mwandishi alisema sauti yake imekomaa zaidi ya zamani. Hakuna aliyeona tofauti. Hilo ndilo lililomvunja Mahfoudha, zaidi ya Salala na zaidi ya karani. Aliamini kwamba kukosekana kwake kutajulikana.

Mwaka 1969 Muriel Stanbrook alikwenda kucheza filamu nyengine, ya familia ya Kiingereza katika mji wa Kiingereza. Bibi wa Unguja hakufufuliwa tena, na sehemu yenye Kiswahili haikuwapo. Barua nazo zilikoma, bila ya ugomvi, kama zinavyokoma barua.

Mahfoudha alibaki Maskati. Mtu akimkuta nyumbani alizungumza kidogo na kwa sauti ya chini. Mke wa Bakhit alimwomba mara moja, kwa haya, asome tena yale maneno ya yule msichana, ayasikie kidogo akiwa anatwanga. Mahfoudha alisimama, akafungua kinywa, akaanza. Alifika mstari wa tatu, akasema amesahau.

Tarehe 23 Julai 1970 utawala ulibadilika huko Salala, na kabla ya mwaka huo kwisha sharti la idhini ya safari liliondolewa.